Mstari wa Kahawia na Kisima cha Korongoni

Juni 2

Leo nimesoma ramani. Naandika tena ili mwenye wivu asome mara mbili: mimi, niliyefukuzwa darasa la tatu kwa kuiga mwendo wa mwalimu, nimesoma ramani ya bonde zima mbele ya kamati bila kusaidiwa na mtu. Nilipitisha kidole, nikatikisa kichwa kama daktari, nikasema, "Sawasawa kabisa."

Uongo. Nimefika nyumbani, mkwe wangu, mke wa mwanangu, ameniuliza niliona nini humo. Nikamwambia kilima kiko kusini na maandishi yote yamelala chali. Amecheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Yeye ni fundi cherehani, pini ndiyo meno yake ya mchana. "Baba, ulikaa upande usio wake. Uliishika kichwa chini miguu juu."

Sawa. Hata mtu ukimlaza chali bado ni mtu, na njia ya ng'ombe ni njia ya ng'ombe.

Mambo yenyewe ni haya. Ranchi yetu ya pamoja inakatwa vipande viwili, kwa sababu watu wa Juu na watu wa Chini tumechoka kutukanana kwa ajili ya majani. Mpima ardhi, kijana mwenye miwani mizito kama vitako vya chupa, alitandaza karatasi juu ya meza ya ofisi, akabana pembe zake kwa vikombe vyetu vya chai, akatuonyesha mstari mmoja mnene wa kahawia. Juu ya mstari malisho ya watu wa Juu, chini yake ya watu wa Chini. "Mnauona? Mmeelewa?" Aliuliza mara tatu. "Tumeelewa!" tukaitikia kama kwaya. Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ndiye mwenyekiti, naye ni mtu wa Juu. Aliitikia kwa sauti kuliko wote. Mikono ikanyooshwa.

Nani asingeelewa? Karatasi imejaa vijia vyembamba vya kahawia vinavyozunguka kila kilima, kimoja juu ya kingine. Ng'ombe hapandi mlima moja kwa moja kama mbuzi asiye na adabu, huuzunguka. Na huo mstari mnene ndio ile njia kuu inayopita juu ya kisima cha korongoni. Basi kisima kimekuwa chetu sisi wa Chini. Nilifurahi nikasahau kutia sukari.

Juni 5

Shemeji hajaja kuninyoa. Tangu alipomwoa dada yangu, yeye huninyoa mimi nami humnyoa yeye, zamu kwa zamu, na mkono mwingine haujagusa vichwa hivi. Mwezi uliopita nilimnyoa mimi, na sikio lake bado analo. Zamu ni yake.

Juni 9

Upepo. Vumbi limeingia hadi kwenye maziwa.

Juni 17

Mafundi wa seng'enge wamefika na lori la nguzo. Yule mpima wa miwani amepita siku moja akapaka rangi nyekundu kwenye mawe, huku na kule. Viatu vyake vinang'aa. Ukiwa bonde hili na viatu vinang'aa, ujue kuna mahali hujakanyaga.

Juni 28

Mungu anipe subira, ingawa sijui nitaiweka wapi, maana nimejaa.

Nimepeleka ng'ombe kisimani asubuhi kama siku zote. Nimekuta nguzo. Zimepita mdomoni mwa korongo, kutoka bega la kilima hiki mpaka bega la kilima kile, zimenyooka kama rula, na seng'enge imekazwa ukiigusa inalia. Kisima kiko ndani. Mimi niko nje. Ng'ombe wangu wamesimama wananusa maji yao, wakanigeukia kama walevi waliofungiwa baa.

Nimekwenda ofisini vumbi likiwa hadi kope. Shemeji alikuwa kwenye kiti chake cha mwenyekiti, kile chenye mto.

"Shemeji, mmeusogeza mstari."

"Nani kausogeza? Uko palepale ulipokuwa kwenye karatasi."

"Mstari ulipita kwenye njia kuu. Njia kuu iko juu ya kisima."

"Basi huo ni mstari wako wa ndotoni. Ulinyoosha mkono, hukunyoosha?"

"Nilinyoosha."

"Ulisema 'sawasawa kabisa', hukusema?"

Wajumbe wawili wa Juu wakacheka. Nikawauliza kama meno hayo ni yao au wameazima kwa punda. Shemeji akagonga meza.

"Sikiliza, shemeji. Mstari ndio mstari. Siku utakayonionyesha kwenye ramani kwamba kisima ni chenu, nguzo zile nitazing'oa kwa mikono yangu hii miwili." Akainyoosha, laini kama mandazi. "Na nakala hii hapa. Chukua, ukalale nayo."

Nimeichukua. Nimelala nayo chini ya godoro ili niikalie.

Julai 3

Tunapeleka ng'ombe bwawani sasa. Tunatoka nyota zikiwa bado juu, tunarudi jua likiwa limekwisha kutupiga pande zote mbili. Maji yenyewe ni uji wa tope. Mwanangu yuko safarini na lori la watu analoendesha, kwa hiyo mchunga ni mimi na magoti yangu.

Julai 8

Kama jana.

Julai 11

Kama juzi, na kiatu kimekatika.

Julai 15

Dada amekuja kuazima chumvi. Kila akija kuazima chumvi, nikirudi nakuta ukurasa wa daftari hili una alama ya kidole cha unga. Dada, kwa kuwa uko hapa, karibu, kaa. Mwambie mumeo kwamba kisima alichokipata ni sawa na kiti kile cha mto: makalio yake yamezidi ukubwa wa kazi yake. Usisahau neno makalio.

Julai 16

Ujumbe umefika. Nimemwona kwa mbali, amenipa mgongo. Nywele zangu zimeanza kufunika masikio.

Julai 24

Nimetaka kuwashia moto kwa ile ramani. Mkwe amenipokonya. "Baba, karatasi nzuri hii." Ameitundika ukutani juu ya cherehani, pamoja na karatasi zake za kukatia magauni. Nikimwambia atoe, ananiuliza kama nataka suruali yangu ishonwe au isishonwe. Nyumba yangu mwenyewe.

Agosti 1

Ng'ombe mmoja wa jirani amelala njiani akakataa kuamka. Tumemwinua wanne. Ameamka kwa aibu tu.

Agosti 6

Bibi Harusi anakohoa. Ni yule ng'ombe mwenye uso mweupe, aliyezaliwa wiki aliyoletwa mkwe wangu, ndiyo sababu ya jina. Ana mimba kubwa. Anatembea hatua, anasimama, ananitazama. Na mimi natembea hatua, nasimama. Tumefanana.

Agosti 9

Naandika vizuri ili niwe nimeandika.

Asubuhi Bibi Harusi aliinuka mara moja, akaanguka mara mbili. Kwenda bwawani haiwezekani. Kisima cha korongoni unakiona kutoka zizini kwangu, ukitupa jiwe kwa hasira linakaribia kufika. Nikasema leo nameza. Nikameza kila tusi nililokuwa nimeliweka akiba, nikavaa kanzu safi, nikaenda nyumbani kwa dada yangu.

Shemeji alikuwa anakunywa chai uani. Sikukaa.

"Shemeji, nimekuja kuomba. Si kisima. Ndoo mbili, za ng'ombe mmoja mwenye mimba. Nitazibeba mwenyewe."

Akaweka kikombe chini polepole. Aliniangalia nywele. Naapa aliniangalia nywele kwanza.

"Nikikufungulia wewe, shemeji, kesho wote wa Chini wako mlangoni."

"Usinifungulie. Nipitishie juu ya seng'enge, nizipokee."

"Ni yaleyale. Kamati inakaa Ijumaa. Lete ombi."

"Leo ni Jumatatu."

"Najua leo ni siku gani."

Dada alikuwa mlangoni jikoni na ndoo mkononi. Ilikuwa imeshajaa. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi. Mumewe akasema, "Mama, hiyo ndoo ni ya wapi?" Dada akaiweka chini kwa nguvu, maji yakaruka yakamlowesha miguu.

Nilirudi na kanzu yangu safi. Mkwe alikuwa amekaa zizini na kichwa cha Bibi Harusi mapajani, anampa maji ya kunywa ya nyumba kwa kikombe cha chai. Kikombe! Kama mgonjwa wa hospitali. Alikunywa viwili, cha tatu kikamwagikia shavuni. Adhuhuri alikufa. Ndama alicheza tumboni muda kidogo baada ya mama yake kutulia, tukaona ngozi inapanda na kushuka, halafu naye akatulia.

Sina mzaha leo. Nilitafuta mmoja niuandike hapa, sikuupata.

Agosti 10

Shemeji amesimama nje ya ua wangu. Amekohoa. Amesema, "Hodi." Amesema tena. Nimepiga mluzi. Ameondoka.

Agosti 11

Sikulala. Nimewaza kukata seng'enge. Koleo ninayo.

Agosti 12

Mkwe ameficha koleo.

Agosti 13

"Baba," ameniambia leo, mguu kwenye cherehani, macho ukutani, "hizi si njia za ng'ombe."

"Wewe shona."

"Nashona. Lakini tazama. Mstari huu mnene umeandikwa namba hapa mwanzo, na kule mwisho namba ni ileile. Huu wa juu yake una namba kubwa zaidi, nayo haibadiliki. Njia gani, baba, inazunguka bonde zima isipande wala isishuke hata unyayo mmoja?"

Nikamwambia njia ya mlevi haipandi wala haishuki, inalala. Hakucheka. Aliacha cherehani, akatoka, akarudi na beseni na tope la zizini. Akafinyanga kilima, akakifinya ubavuni kwa kidole gumba kikawa na korongo. Shuleni kwao, anasema, mwalimu alifanya hivyo kwa kiazi, na yeye alikuwa anaangalia dirishani. Akamimina maji ya kufulia, kidogo. Maji yakazunguka kilima. Akachora kwa msumari palepale maji yalipogusa tope. Akaongeza maji, akachora tena. Akaongeza.

Alipoyamwaga, kilima kilikuwa kimevaa mistari. Vijia vya ng'ombe! Vilevile!

"Mstari mmoja ni ukingo wa maji, baba. Kama bonde lingejaa mpaka hapo."

Basi nikakaa chini, hapohapo kwenye tope. Kwa hiyo hatukuelewa. Wote. Wazee wa kamati nzima, tumenyoosha mikono kwa kitu tusichokijua, kwa sababu kila mmoja aliogopa kuwa wa kwanza kusema sijui. Na yule wa miwani aliuliza mara tatu! Nilikuwa nimemlaani kwa miezi. Laana nusu nairudisha. Nusu abaki nayo, kwa ajili ya viatu.

Agosti 14

Nimeamka na kitu kinaniwasha, na safari hii si nywele.

Lile beseni. Maji yalipofika korongoni hayakukata moja kwa moja kutoka bega hadi bega. Yaliingia ndani. Yalipanda na korongo mpaka yakakutana na sakafu yake, yakageuka, yakatoka upande wa pili. Nimemwamsha mkwe. Tumewasha taa, tumetazama ukutani. Mstari mnene ukifika kwenye korongo letu unaingia ndani kama ulimi, na ile alama ndogo ya buluu ya kisima iko chini ya ulimi. Chini! Maji yakijaa mpaka mstari, kisima kinazama.

Kisima ni chetu. Kilikuwa chetu tangu siku ya kwanza. Mimi nilikosea njia yote na bado nilifika nyumbani, na Bibi Harusi amekufa kwa kiu mbele ya maji yake mwenyewe.

Nimetoka nje nimepiga teke ndoo. Kidole kimevimba.

Agosti 16

Fundi wa seng'enge amekuja kumalizia lango. Nimemkamata. "Nani alikwambia ukate mdomoni mwa korongo?"

"Mzee, mawe ya rangi yako mabegani tu. Mwenye miwani hakuingia ndani, alisema kule kuna miiba, tufuate ramani. Sisi ramani hatuijui. Nikamuuliza mwenyekiti, tuingie au tukate? Ndani ni mawe matupu, nguzo moja siku nzima. Akasema kateni. Ukimuuliza mwenye kazi akasema kata, unakata."

"Aliitazama ramani kabla ya kusema?"

"Aliitazama sana."

"Ilikuwa imekaaje?"

Fundi akafikiri. "Maandishi yalikuwa yamelala chali."

Nilicheka. Wiki nzima sijacheka, nikacheka mpaka fundi akarudi nyuma. Halafu hasira ikanirudia, kubwa kuliko ya kwanza. Mwizi ningemwelewa. Mwizi anajua anachochukua. Huyu hakujua, akaona kimemwangukia mapajani, akanyamaza. Na siku ya ndoo mbili akajifanya sheria.

Fundi hujenga na nyumba pia. Nimemuuliza kama ana ule mpira mwembamba wa maji wa kupimia usawa wa kuta. Anao.

Agosti 20, Ijumaa

Kikao. Nilisubiri mambo mengine yaishe, nikasimama na nywele zangu kama kondoo.

"Mwenyekiti, rudia maneno yako ya Juni. Mstari ni nini?"

"Mstari ndio mstari," akasema, kwa kiburi kidogo.

"Na nguzo?"

Akapekua karatasi zake. Mjumbe mmoja wa Chini akamkumbusha, na maneno "mikono yangu hii miwili" akayasema kwa sauti ya shemeji kabisa. Ofisi nzima ikacheka, hata wale wawili wa meno ya punda.

Nikaeleza habari ya maji. Shemeji akasema hizo ni hadithi za beseni. Nikasema sawa, twende, na wewe ndiye utakayeshika mpira.

Tulikwenda wote. Fundi alijaza maji, tukawa tunanyonya mapovu yatoke, shemeji upande mmoja mimi upande mwingine, wazee wawili mashavu yamebonyea kama wanaonyonya mfupa mmoja. Akashika mwisho wake kwenye jiwe la rangi, bega la huku, maji yakasimama sawa na rangi. Mimi nikaenda na mwisho wangu mpaka mpira ulipofika. Mahali maji yaliposimama, tukaweka jiwe. Yeye akaja kwenye jiwe hilo, mimi nikasonga. Hivyo hivyo. Mpira haukukata kwenda kule ng'ambo. Ulituingiza ndani ya korongo kwa ubavu, kwenye miiba, nguo zikichanika, na kila nilipojaribu kushuka maji yalipanda yakanimwagikia kifuani.

Tulipita juu ya kisima. Kilikuwa chini yetu, kinang'aa kama jicho.

Shemeji angeweza kuudanganya mpira. Kuinua kidole kimoja tu. Nilimtazama kila mara, nikiomba adanganye ili nimpige na jiwe. Hakudanganya. Aliushika mpira kwa mikono yote miwili, akasema, "Soma, shemeji. Maji ya kwangu yametulia."

Juu ya kisima, sakafu ya korongo ikatupokea, tukavuka, tukageuka, tukatoka kwa ubavu wa pili. Tulipofika jiwe la rangi la bega la kule, maji yalisimama kwenye rangi yenyewe. Kwenye rangi yenyewe!

Hakuna aliyepiga makofi. Shemeji aliteremka mpaka kwenye nguzo ya kwanza, akaikumbatia, akaivuta. Haikutoka. Akaitikisa. Akavuta tena, ikatoka kwa ghafla, akaanguka nayo kwenye vumbi, kanzu juu. Mtu akakimbia kumwinua. Akasema, "Niache. Nilisema mikono yangu." Alitoa na ya pili. Ya tatu mafundi walimnyang'anya, mikono ilikuwa inatoka damu.

Mimi nilisimama nikitazama. Nilidhani nitafurahi.

Agosti 21

Ng'ombe wamekunywa korongoni. Wa Juu wamekuja kuomba njia, tumewapa jioni. Wala hawakuambiwa walete ombi.

Agosti 25

Nimeweka jiwe pale alipolala Bibi Harusi. Mkwe amelizungushia maji kwa kikombe, mpaka tope likachora mstari.

Septemba 2

Dada amekuja. Chumvi anayo, nimeiona kwenye kikapu chake. Amekaa, akasema, "Hali chakula. Anashinda anatazama mikono."

Nikamwambia afanye vizuri, aitazame, ina mengi ya kumweleza. Hasira yangu haijaisha, na sitaki mtu anihimize. Akaenda zizini kuangalia ng'ombe, na daftari nimeliacha wazi mezani.

Dada, karibu. Safari hii nawa unga kwanza. Mwambie mumeo kwamba sijamsamehe. Sema hivyohivyo, usitie sukari. Ndoo mbili nitamkumbusha mpaka mmoja wetu azikwe, na akitangulia yeye nitamkumbushia kaburini. Lakini nywele zimenifika mabegani, mkwe ananiita bibi, na hapa hakuna mkono mwingine ninaoukubali. Mei nilimnyoa mimi, sikio analo. Zamu ni yake. Aje kesho asubuhi kabla ya jua kali, na wembe aje nao yeye, wangu umeshika kutu.